Umeme wa Magogo: Njombe Iliweza, Kisarawe Ikashindwa

Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kama TANWAT, ilipoanza kupanda miwati Njombe mwaka 1949, haikuwa ikitafuta umeme. Ilitaka magome. Gome la muwati hutoa tanini inayotumika viwandani kutengeneza ngozi, na wakati huo tanini ilikuwa na soko la uhakika. Gome likishabanduliwa hubaki gogo tupu. Mwaka 1995 kampuni ikafunga mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni za mashamba yake yenyewe. Mvuke wa boila huzungusha tabaini, kisha huendelea na kazi nyingine kiwandani, ikiwamo kukausha mbao. Umeme unaozidi mahitaji huuzwa kwa shirika la umeme, TANESCO.

Miaka kumi na kitu baadaye, nishati ya mimea ilikuja Tanzania kwa mlango mwingine. Pipa la mafuta lilifika dola 147 Julai 2008, na Umoja wa Ulaya ulikuwa ukipanga kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke katika vyanzo jadidifu. Wawekezaji wakaanza kutafuta ardhi. Zao lililosifiwa kuliko yote lilikuwa mbono kaburi, mmea wa mbegu za mafuta ambao wazee waliupanda kwenye makaburi na kuzungushia mipaka ya mashamba. Ilisemwa kwamba hauhitaji shamba zuri wala mvua nyingi.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 kwa miaka 99. Huko Kilwa, BioShape ya Uholanzi ililenga hekta 34,000 hivi, nyingi zikiwa misitu ya miombo. BioShape ilifilisika 2010, na mwaka uliofuata Sun Biofuels ikasimamisha kazi. Vibarua walikosa ajira, na ahadi za visima na zahanati zikabaki mdomoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la kilimo. Mbono hustahimili ukame, lakini kuzaa kwa wingi ni jambo jingine. Bila maji na rutuba, mbegu ni haba. Tena matunda yake hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo huchumwa kwa mkono, kidogo kidogo. Kampuni ya Diligent ya Arusha haikuchukua ardhi ya mtu. Ilinunua mbegu za mbono uliopandwa kama ua na wakulima wadogo, na bado ikafunga, kwa sababu bei iliyomlipa mchumaji haikuiachia kampuni faida.

Kosa la pili lilikuwa la ardhi, na ndilo lililoacha donda. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwekezaji wa kigeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ni lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe, maana hati inaweza kuuzwa kwa mwingine. Wanakijiji waliokubali kwenye mkutano mkuu wakidhani wanakodisha waligundua baadaye kwamba wamekwisha kuiachia.

Tofauti ya Njombe na Kisarawe, basi, si ya bahati. Njombe mti ulikuwa umeshalipa gharama zake kwa tanini na mbao kabla haujaingia tanuruni. Kisarawe zao lilitakiwa kulipia kila kitu peke yake: kusafisha pori, kupanda, kuchuma, kukamua na kusafirisha.

Mifano mingine inathibitisha hilo. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa na kuuza ziada ya umeme kwa TANESCO. Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kilowati 150 wa kutumia gesi itokanayo na mabaki ya mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa, singa zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki kilikuwa kikitupwa.

Hata hivyo, mabaki yana sharti lake: kiwanda mama kiwe hai. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilianza 2009 kuuza megawati 26 za umeme wa makapi. Miwa ilipopungua na madeni yakazidi, kiwanda kikaishia mikononi mwa mrasimu mwaka 2019, na umeme wake ulikuwa umeshakatika.

Sasa tuangalie Nyanda za Juu Kusini. Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, lina zaidi ya hekta 130,000. Kando yake wako maelfu ya wakulima waliopanda misindano na mikaratusi yao, wengine wakisaidiwa na programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza 2014 kwa ufadhili wa Finland. Mashine ndogo za kupasulia mbao, zile za dingidongi, hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa maranda na mabanzi, ambayo mengi huchomwa hovyo au kuozea hapohapo. Miti inayokatwa kupunguza msongamano shambani nayo mara nyingi haina mnunuzi.

Kikwazo ni usafiri. Kuni mbichi ni karibu nusu maji, na maranda hujaza lori kabla hayajafikisha uzito wa kulipia dizeli. Njia ni mbili: mtambo ukae palipo na mashine za mbao, au maranda yashindiliwe kuwa mkaa mbadala. Soko la huo mkaa lipo, kwani serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa wa kawaida, na mkakati wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi.

Kwa hiyo kijiji kiuze kuni, kisiuze ardhi. Na mwekezaji anayeomba maelfu ya hekta aulizwe swali moja kabla ya ramani kufunguliwa: mwaka wa kwanza, miti yake ikiwa bado miche, boila itachoma nini? Kama hana jibu, hana kiwanda. Ana ombi la ardhi.