Tovuti ni yako, jina ni la nani?

Hakuna tajiri wa malori hapa Tunduma atakayenunua Scania, alipie bima, afunge matairi mapya, halafu akubali kadi ya gari iandikwe jina la dereva. Hata kama dereva ni mtoto wa shangazi yake. Lakini tajiri huyohuyo akitaka tovuti ya kampuni yake, atamkabidhi fedha kijana wa kompyuta na kumwambia, "Nishughulikie kila kitu." Kijana atashughulikia kila kitu, kwa jina lake mwenyewe. Baada ya miaka miwili kijana kapata kazi Dodoma, kabadilisha namba, tovuti imezima, na mwenye kampuni ndiyo kwanza anagundua kwamba ile anwani aliyoichora ubavuni mwa malori yake yote haikuwa yake.

Watu wengi wakiulizwa wanachotafuta kwa kampuni ya kutengeneza tovuti watakutajia rangi, picha zinazotembea na bei. Mimi ningeanza na umiliki, na mengine yasubiri kidogo.

Anwani ya tovuti, ambayo mafundi huiita domeini, hainunuliwi moja kwa moja. Hulipiwa kwa mwaka, na mwenyewe ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako. Zile zinazoishia na .tz zina daftari lake la kitaifa, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Kampuni za biashara huchukua .co.tz, asasi .or.tz, shule .sc.tz, hata hoteli zina yao, .hotel.tz. Ukitaka kujua yako imeandikwa jina la nani, iandike kwenye huduma ya whois ya .tz usome majibu. Kwa zile za .com siku hizi majina mara nyingi hufichwa, kwa hiyo njia ya uhakika ni moja: fundi akufungulie akaunti kwa msajili kwa jina na barua pepe yako, wewe uingie mwenyewe, ulipie mwenyewe. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi ndani yake, basi. Kampuni inayokataa sharti hili, hata kwa maneno matamu kiasi gani, usiipe kazi.

Na kulipia kwa wakati kuna historia yake. Desemba 1999 Microsoft, ikiwa miongoni mwa kampuni tajiri kuliko zote duniani, ilisahau kulipia passport.com, anwani ambayo watumiaji wa Hotmail walipitia ili kufungua barua zao. Watu walikwama msimu wa Krismasi mpaka mtaalamu mmoja Mmarekani, Michael Chaney, alipotoa dola 35 zake mwenyewe kuilipia. Microsoft ilipata msamaria. Wewe unaweza kumpata dalali aliyeinyakua anwani yako na sasa anakutajia bei.

Domeini ikifa, barua pepe zake nazo zinakufa, na kwa mji wetu hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Tunduma inaishi kwa mizigo inayokwenda Zambia na Kongo. Kabla lori halijafika kituo cha pamoja cha mpakani kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, kile kilichozinduliwa Oktoba 2019, nyaraka zake zimeshasafiri kwa barua pepe kati ya mwenye mzigo, wakala wa forodha na msafirishaji. Na hata domeini ikiwa hai, fikiria mteja wa Lubumbashi anapokea ankara yenye jina la kampuni yako lakini namba ya akaunti ni ya mwizi. Hapa una swali zuri la kumpimia fundi: muulize ataziwekaje SPF, DKIM na DMARC. Ni mipangilio inayozisaidia seva za wapokeaji kutambua barua iliyoghushiwa kwa anwani yako. Si lazima uielewe. Sikiliza tu jinsi anavyojibu; akianza kubabaika au kubadilisha mada, ahsante, kwaheri.

Kanjanja wa tovuti anatambulika kwa ahadi. Kubwa yao ni hii: "Tutakuweka namba moja Google." Google wenyewe, katika miongozo yao kwa wenye tovuti, wanaonya kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Anayeahidi hivyo ama hajui kazi yake ama anajua na anakudanganya. Dalili nyingine ni picha za kazi alizofanya zisizo na anwani. Omba anwani za tovuti alizotengeneza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kisha zifungue kwa simu yako, kwa bando lako, ukiwa umesimama kwenye foleni ya malori na siyo ofisini kwake penye Wi-Fi. Zikichelewa kufunguka, wateja wako nao watachoka kusubiri. Halafu wapigie simu wenye tovuti hizo. Usiwaulize kama walifurahi siku ya uzinduzi, maana kila mtu hufurahi siku hiyo. Waulize mara ya mwisho walipokwama ilichukua siku ngapi kusaidiwa.

Kuna lawama moja ambayo mimi siikubali, ile ya "ametumia kiolezo." WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na wanaoitumia wengi huanzia kwenye violezo vilivyokwisha kutengenezwa. Si dhambi. Serikali yenyewe ilipozindua kwa mkupuo tovuti za mikoa na halmashauri mwaka 2017, zilitoka na umbo moja. Ukifungua ya Mji Tunduma na ya Mbozi unaona undugu wao mara moja. Nguvu ya mpango ule haikuwa urembo. Maofisa habari na wa TEHAMA wa halmashauri walifundishwa kuweka habari wenyewe, bila kumpigia mtu simu. Hilo ndilo la kudai: siku ya mwisho mhasibu wako aweze kubadilisha bei na kuongeza picha huku fundi akitazama, mikono mfukoni. Kiolezo kinakuwa tatizo pale fundi anapokutoza kana kwamba ameandika programu nzima tangu mstari wa kwanza.

Tatizo jingine la programu hizi ni kuachwa bila kusasishwa, maana hapo huwa rahisi kuvamiwa. Januari 2012 Wakenya waliamka wakakuta tovuti 103 za serikali yao zimeharibiwa na mvamizi mmoja kutoka Indonesia. Ikiwa serikali inaweza kukumbwa na hilo, duka la vipuri la kata ya Mpemba hapa Tunduma halina kinga. Kwa hiyo mkataba useme nani anasasisha, kila baada ya muda gani, nakala rudufu inakaa wapi, na ada ya matunzo ni kiasi gani kwa mwaka. Bei ya kutengeneza ikiwa ndogo mno, tazama ada hiyo kwa makini. Mara nyingi faida imefichwa huko.

Wenye nyumba za wageni na mawakala wana jambo la ziada. Fomu inayokusanya majina, namba za simu na za pasipoti inaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mbele ya sheria mkusanyaji ni wewe uliyemwomba mteja taarifa zake. Kampuni ya tovuti ambayo haijawahi kusikia jina la sheria hii itakuponza.

Swali wanalolisahau karibu wote: je, fundi anaujua mji? Vijana waliosomea kazi hii wapo Mbeya, kilomita mia moja hivi kutoka hapa, na wapo Dar es Salaam. Wengi ni wazuri. Lakini asiyefika mpakani atakuandikia "tunafungua saa 2 asubuhi" na kuishia hapo. Saa 2 ya Tunduma ni saa 1 ya Nakonde, na Lubumbashi wanafuata saa za Zambia. Dereva aliyelala ng'ambo akifuata saa yake atafika akiwa amechelewa saa nzima. Namba za simu ziandikwe na +255 mbele. Ukurasa mmoja wa Kifaransa kwa wateja wa Kongo una faida kuliko picha kumi za malori wakati jua linazama.

Kuna wasiohitaji tovuti kabisa. Muuza vitenge ambaye wateja wake wote wanapita kwa miguu anatosheka na duka lake kuonekana kwenye ramani ya Google na akaunti ya WhatsApp Business. Vyote viwili ni bure. Fundi mwaminifu atamwambia hivyo.

Anayehitaji alipe kwa awamu: kianzio, sehemu ya pili akiona kurasa zikifanya kazi, na ya mwisho, isiyopungua theluthi moja, baada ya kukabidhiwa funguo zote kwa maandishi: akaunti ya domeini, ya seva, ya barua pepe, na ya kuhariri kurasa. Adai na risiti. Jioni hiyohiyo abadilishe nywila zote. Na namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lake, isiwe ya fundi, wala ile laini ya Zambia anayoiweka hewani siku akivuka tu.