Sadaka Isiyozaa Haiondoi Umaskini

Kila Ramadhani iingiapo, na kila uchaguzi ukaribiapo, wakazi wa Magogoni na mitaa mingine ya Kisauni huona magunia ya unga na mchele yakigawanywa. Asije mtu akadhani kwamba napinga ukarimu huo; mwenye njaa hangoji hotuba. Hata hivyo, gunia likishakwisha, umaskini humkuta mtu pale pale ulipomwacha. Yatupasa basi kujiuliza: je, utoaji wetu unaupunguza ufukara, au unaupumzisha kwa siku chache tu?

Jibu halihitaji kutafutwa ng'ambo. Wazee wa Pwani waliujua wakfu: mali hufungwa isiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake ndiyo yanayotumiwa kwa misikiti, madrasa na mafukara. Mtoaji huzikwa, lakini sadaka yake haizikwi naye.

Mwaka 1951, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana zaidi kama MIOME, ilianza kufunza ufundi. Miongoni mwa waliochangia kuianzisha ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Taasisi hiyo ilikua, ikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Fedha zile zingaligawanywa nyumba kwa nyumba, leo hakuna ambaye angalizikumbuka.

Karibu zaidi na Magogoni ziko karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Huko msaada uligeuzwa kuwa vyombo vya kazi. Watu ambao jamii iliwatarajia waombe njiani wakawa mafundi wa mapambo, ushonaji na uchongaji, wakila jasho lao.

Lakini mtaji nao una sharti lake, yaani ardhi. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi za Pwani iliwafaa waliojua njia za ofisi na mahakama. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na wengi, hasa Wamijikenda, wakageuka maskwota walipozaliwa. Ndiyo maana Mombasa ina ajabu yake ya nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine. Mama auzaye viazi karai aweza kukopeshwa na chama chake cha akina mama akanunua karai la pili. Hawezi kuweka rehani kiwanja asicho na hati yake. Jirani mwenye hati hukopa, hujenga ghorofa, kisha humtoza kodi. Hivyo pengo hupanuka hata pale ambapo kila mtu anafanya bidii.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi, afikapo mfadhili au mwekezaji mtaani, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize maswali matatu. Kitabaki nini atakapoondoka? Nani atakayekimiliki? Na wenyeji watakuwa na sauti gani katika kukiendesha? Akiweza kuyajibu, tumshike mkono. Asipoweza, tupokee unga wake kwa shukrani, ila tusiuite maendeleo.