Mizani inaonyesha 40, ordinatere inaandika 20: kosa liko wapi?



Mahali pengine pa kupokea kahawa, mizani ya umeme inaunganishwa na ordinatere kwa kamba, na kilo zinajiandika zenyewe. Ni musaada mukubwa, lakini inaweza kuleta ugomvi. Mulimaji anaona kilo 40 kwenye mizani, ordinatere inaandika 20. Mara moja mupimaji anaitwa mwizi. Mbele ya kumushitaki, tuangalie kwanza kile kinachopita mu kamba.

Mizani haitume namba nzima kwa mara moja. Kwa mizani inayotuma kilo kamili, inapitisha alama 8, moja nyuma ya ingine, kila moja ni 0 ao 1. Alama hizo zinaitwa biti. Kila biti iko na thamani yake: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kilo 40 ni 32 na 8: biti hizo mbili ni 1, zingine zote ni 0.

Kwa kamba ya seriali ya kawaida, biti ya 1 inatangulia, ya 128 inafika mwisho. Fundi aliyetengeneza kifaa cha kusoma akifikiri ya 128 ndiyo inatangulia, mustari unageuka: ile ya 8 inahesabiwa 16, ile ya 32 inahesabiwa 4. Jumla ni 20. Vivyo hivyo 20 inakuwa 40, na 50 inakuwa 76. Kama mizani inatuma kila tarakimu sawa vile herufi, hamutaona namba: 4 itatokea kama mukato (,).

Mujihadhari na gunia la kilo 60. Hiyo ni 4, 8, 16 na 32; hata ukiigeuza inabaki 60. Mizani tupu nayo inabaki 0. Fundi akijaribu kwa gunia hilo tu, atasema yote iko sawa.

Mufanye hivi:

1. Mupime kilo 20, 40, kisha 50, mara tatu kila moja. Muandike mu kaye namba ya mizani na ya ordinatere.

2. Kama kosa ni lile lile kila mara, inaweza kuwa ni mpangilio wa biti. Kama namba zinabadilika ovyo, muangalie kwanza kamba na mahali inapoingia.

3. Mumwambie fundi ageuze mpangilio wa biti mu kifaa cha kusoma. Asifungue mizani. Asiongeze wala kupunguza kilo, kwa sababu kosa haliko sawa kwa kila uzito.

4. Mukingoja fundi, mulipe kwa namba ya mizani, na iandikwe kwa mukono mbele ya mulimaji.

Kilo za siku zilizopita hazikupotea. Kila namba iliyogeuka, ukiigeuza tena, inarudi ile ya kweli. Muombe fundi ageuze orodha yote, halafu komite isome majina mbele ya wanamemba: aliyepunjwa alipwe, aliyezidishiwa ajue deni lake.