Kidole Gumba cha Ndabibi na Nyota Iitwayo Kalausi

Kiangazi kikikolea, visulisuli huinuka kwenye tambarare za Ndabibi, nchini Kenya, vikabeba vumbi na nyasi kavu juu ya migongo ya ng'ombe. Kwa Dholuo, upepo mkali wa namna hiyo huitwa kalausi, na vumbi ni buru. Tangu Desemba 2019 majina hayo yako angani pia. Muungano wa Kimataifa wa Astronomia, ukiadhimisha miaka 100, ulizialika nchi zipe jina nyota moja moja na sayari yake. Ya Kenya ikawa Kalausi, na sayari yake Buru.

Nyota hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru 133. Nani alipima, na kwa kamba gani?

Jibu linaanzia Ndabibi hapohapo. Mtu autazame mlima Longonot, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, anyooshe mkono na kusimamisha kidole gumba mbele ya mlima. Afumbe jicho la kulia, kisha alifumbue na kufumba la kushoto. Kidole kitaruka upande, mlima utatulia. Akikisogeza karibu na pua, kitaruka zaidi. Mruko huo ndio paralaksi: kitu kikiwa mbali, nao hupungua.

Kwa nyota, nafasi kati ya macho mawili ni kazi bure. Wanaastronomia hupiga picha, husubiri miezi 6 dunia ifike upande wa pili wa jua, kisha hupiga nyingine. Nusu ya mruko ndiyo pembe. Pembemraba iko kwenye jua, na upande mfupi wa pembetatu ni kilomita milioni 150. Yaliyobaki ni tanjenti, ileile inayowatoa wanafunzi jasho.

Kigumu ni wembamba wa pembe. Mjerumani Friedrich Bessel alifaulu mwaka 1838, tena kwa nyota jirani, miaka ya nuru 11 hivi. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo ilifanywa na Gaia, chombo cha Ulaya kilichorushwa mwaka 2013. Digrii moja ina sekunde 3,600. Pembe ya Kalausi ni kama sehemu 24 kati ya 1,000 za sekunde moja tu. Ni sawa na kusimama Ndabibi na kupima upana wa kidole gumba cha mtu aliyeko Kisumu! Milioni 150 zikigawanywa kwa tanjenti ya pembe hiyo, zinatoka kilomita trilioni 1,300 hivi.

Kalausi haionekani kwa macho matupu. Mwenye darubini aitafute upande wa kusini, usiku wa manane mwezi Februari, visulisuli vikiwa vimelala.