Joka Tunalikubali, Kidonda Je?

Muhula uliopita meza yetu ya Dungeons & Dragons ilivunjika, na kilichoivunja ni usingizi. Mpiganaji wa mwenzetu mmoja alitafunwa na joka hadi akabaki na pointi 2 za uhai. Kundi likapiga kambi, likalala masaa manane, asubuhi jamaa akaamka na pointi zake zote. Mwenzetu anayesoma udaktari akafunga daftari. "Jamani, mimi nimetoka wodini sasa hivi. Mtu haponi hivyo." Msimamizi wa mchezo akamjibu kwamba kama amelikubali joka, kidonda kinamshinda nini? Basi, akaondoka.

Jibu lile hutolewa kila mara, na mimi naliona la uvivu. Joka tulilikubali tangu siku ya kwanza tulipoketi. Kwamba mwili wa binadamu hauchubuki, hilo hakuna aliyetuambia.

Kwa wasiocheza: kila mhusika ana idadi ya pointi za uhai. Ukipigwa zinapungua, zikifika sifuri uko chini. Mchezo wenyewe ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa umekua kutoka michezo ya vita ya vinyago vya askari, ambako askari wa kawaida akipatikana pigo moja amekwisha. Lakini ukimchezesha mtu mmoja miezi mitatu, ukampa na jina, hutaki afe kwa bahati mbaya ya dadu. Arneson alieleza baadaye kwamba pointi za uhai alizitoa kwenye kanuni zake za vita vya meli. Meli hutobolewa mara nyingi kabla ya kuzama. Yaani tangu mwanzo shujaa wetu ni manowari yenye miguu!

Gygax aliujua ugomvi huu. Katika kitabu cha msimamizi cha 1979 alieleza kwamba pointi si nyama na damu tu. Ndani yake mna ustadi, bahati, hata ulinzi wa miungu. Sawa, lakini toleo lilelile lilirudisha pointi 1 tu kwa siku ya mapumziko, na wiki nne kamili zilimponya yeyote. Kama kilichopungua ni bahati, mbona inauguzwa kama mguu uliovunjika?

Wengine waliamua kuacha meli kabisa. RuneQuest, ya 1978, iliupa kila mkono, mguu na kichwa pointi zake, na deraya ikawa inapunguza makali ya pigo badala ya kumfanya mtu awe mgumu kupigwa. Nimeucheza. Watu wanaogopa panga kweli kweli, na wanajaribu kuongea kwanza. Ila pambano dogo linaweza kula jioni nzima.

Dungeons & Dragons ikaelekea upande mwingine. Toleo la tatu, la 2000, lilirudisha kwa siku moja ya mapumziko pointi sawa na ngazi ya mhusika. La nne, la 2008, likarudisha zote, na la tano, la 2014, likaendelea hivyo. Kuanguka nako kuna kikomo: dadu moja ya pande sita kwa kila mita 3 hivi, zisizidi dadu 20. Maana yake hata zote zikitoa sita ni 120, na mpiganaji mwenye pointi 150 anaweza kuruka jabali la mita 60 akijua fika kwamba atainuka. Hapo ndipo mimi huona mchezo unaharibika. Fizikia siidai. Shida yangu ni kwamba mchezaji anapiga hesabu wakati mhusika wake alipaswa kutetemeka.

Tena dawa imo humohumo. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kina kanuni ya hiari: mapumziko mafupi yawe masaa manane, marefu yawe siku saba. Dadu hazibadiliki, mapigano hayaongezeki hata dakika moja. Kinachobadilika ni kwamba ukijeruhiwa unatafuta kijiji, unaomba hifadhi, na huku adui ana wiki nzima ya kujipanga.

Nimempelekea daktari wetu ukurasa ule. Ameuliza tunaanza saa ngapi Jumamosi, na kama wodi ya kijiji ina maji ya moto.