Thamani ya Gemu Isiyochezeka Bila Bando

Katika Ubaruku, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, uliokua kando ya shamba kubwa la mpunga lililoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, fedha hufuata msimu: huwa nyingi mpunga unapovunwa na kukobolewa, kisha hupungua kadiri maandalizi ya mashamba yanavyoanza upya. Kwa kijana anayependa gemu za video katika mji wa namna hiyo, thamani ya gemu haipimwi kwa uzuri wa picha peke yake, bali pia kwa uwezo wake wa kuendelea kuchezeka miezi ambayo hakuna fedha ya bando. Ndiyo maana sharti la intaneti, yaani gemu kukataa kufunguka mpaka iwasiliane na seva, ambayo ni kompyuta ya kampuni iliyo mbali inayothibitisha kwamba mchezaji ana ruhusa, ni jambo zito zaidi Nyanda za Juu Kusini kuliko linavyofikiriwa na wale waliolibuni.

Zipo gemu ambazo intaneti ni sehemu ya mchezo wenyewe, kwa kuwa mtu aliye Ubaruku hawezi kushindana na mwenzake aliye Mombasa au Muscat bila mtandao, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Mgogoro upo kwenye gemu ambayo mtu huicheza peke yake, au na rafiki aliyekaa naye kiti kimoja, lakini bado inadai mtandao. Mwezi Machi 2013 kampuni ya Electronic Arts ilitoa SimCity, gemu ya kujenga na kuendesha mji, ikiwa na sharti hilo. Seva zikaelemewa siku za mwanzo na wanunuzi wengi wakashindwa kucheza kitu walichokwisha kukilipia. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba sehemu ya hesabu za mchezo ilifanywa kwenye seva, lakini mwaka mmoja baadaye kampuni hiyohiyo iliiwezesha gemu hiyo kuchezwa bila intaneti. Lililoelezwa kuwa ulazima wa kiufundi lilikuwa uamuzi wa kibiashara.

Mwaka huohuo wa 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, ingepaswa kuunganishwa na mtandao angalau mara moja kila saa 24, na kiongozi wa kitengo cha Xbox wakati huo, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti alijibu kwamba kwao ipo mashine ya zamani, Xbox 360. Sharti hilo liliondolewa tarehe 19 Juni kutokana na hasira za wateja, ila jibu lile linastahili kukumbukwa, kwa sababu linaonyesha ni nani aliyekuwa akifikiriwa wakati kanuni zinaandikwa.

Gharama yenyewe inafaa kuhesabiwa. Gemu kubwa za siku hizi huzidi gigabaiti 100, na hata anayenunua diski mara nyingi hulazimika kupakua faili za nyongeza. Kwa bei elekezi za data za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambazo ziliwekwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti moja, gigabaiti 100 kwa kiwango cha chini kabisa hufikia takriban shilingi 200,000, kiasi kinachozidi bei ya gemu mpya inayouzwa kwa dola 70. Mtu hulipa mara mbili, tena malipo ya pili hayana mwisho, kwa kuwa masahihisho mapya hayakomi. Na fedha ikiwapo, mtandao wenyewe unaweza kukosekana: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana.

Wiki hiyohiyo wachezaji walikuwa wametoka kwenye fundisho jingine. Sony ilikuwa imetaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ya mtandao wa PlayStation, huduma ambayo haipatikani rasmi katika sehemu kubwa ya Afrika, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Sony iliondoa sharti hilo baada ya siku chache, lakini imebaki wazi kwamba mtu anaweza kuzuiwa kucheza kwa sababu tu nchi yake haimo kwenye orodha.

Yote haya yanaeleza kwa nini PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliishi muda mrefu sana katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki. Mwenye kibanda anahitaji televisheni, padi mbili na umeme. Wateja hulipia mechi, aliyefungwa humpisha anayesubiri, na mashine huweza kurudisha fedha yake bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwenye simu, programu ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, huchezesha gemu za mashine ya PSP bila data, huku eFootball, gemu ya soka ya Konami ambayo ni ya bure, ikidai intaneti karibu kwa kila kitu. Kwa mtu wa kipato cha msimu, hiyo ya bure ndiyo ghali.

Kampuni hujitetea kwa kutaja wizi wa nakala, na hoja hiyo si ya kupuuza, kwani diski za kuchoma zimejaa masoko yetu na watengenezaji wanastahili malipo ya jasho lao. Hata hivyo sharti la intaneti humbana zaidi aliyelipa, kwa kuwa nakala ya wizi mara nyingi huwa imeondolewa kufuli hilo.

Ubaya mkubwa zaidi hujitokeza seva zinapozimwa. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na diski zilizonunuliwa zikawa hazina kazi, hata kwa aliyependa kuendesha peke yake. Tukio hilo lilizaa kampeni ya mtengeneza video wa YouTube Ross Scott iitwayo Stop Killing Games, yaani Acheni Kuua Gemu, ambayo mwaka 2025 ilivuka saini milioni moja Ulaya, na jimbo la California, tangu tarehe 1 Januari 2025, linawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na si umiliki. Tanzania ina Tume ya Ushindani, inayomlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na hakuna sababu tume hiyo isidai kwamba kila gemu inayouzwa Kariakoo au Mbeya mjini iandikwe kwenye kasha, kwa Kiswahili, kama inachezeka bila intaneti na kwa muda gani.