Vita vya Lualaba (3): Wenye Mitumbwi

Tangu Goma itekwe na waasi wa M23 Januari 2025, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini anaongoza jimbo akiwa Beni. Sokoni Butembo mazungumzo ni ya Wazalendo, wapiganaji wa kujitolea walio upande wa serikali: wako upande gani wa mlima, nani anawalisha, nani atawahukumu wakikosa. Mimi nikisikia hayo nafikiria Nyangwe.

Sehemu iliyopita tulimwacha Luteni Francis Dhanis, afisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika vita na Waarabu, amekwama ukingo wa magharibi wa Lualaba mwanzoni mwa 1893. Ng'ambo ni Nyangwe, mji wa Waarabu na wafuasi wao Waungwana, wenye bunduki tele. Katikati ni mto, na mzinga hauogelei. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, na Mgenya hakuwa mtumishi wa mtu. Mwaka 1871 walimnyima msafiri David Livingstone mtumbwi papo hapo. Akasubiri miezi, akashuhudia watu wakiuawa sokoni Julai 15, akakata tamaa na kurudi Ujiji. Safari hii Wagenya walikubali. Machi 4 jeshi likavushwa, Nyangwe ikaanguka. Aprili 22 ukafuata mji wa Kasongo. Dhanis akapewa ubaroni. Katika wapiga makasia wale, sijamkuta hata mmoja aliyetajwa kwa jina vitabuni. Nimelilalamikia hilo miaka mingi, na wasomaji wangu wanivumilie, nitaendelea.

Mwenye kisa kichungu zaidi ni Gongo Lutete. Alikuwa kapiteni wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Waarabu, akahamia kwa Bula Matari, yaani serikali ya Leopold, Septemba 1892 pamoja na wapiganaji wake. Bila yeye Dhanis asingeuona mto. Zawadi yake? Septemba 15, 1893, Dhanis akiwa mbali, maafisa wazungu huko Ngandu walimshitaki kwa uhaini wakampiga risasi. Hesabu ile ililipwa kwa riba. Julai 4, 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao watu wa Gongo Lutete, waliasi wakamuua kamanda wao. Mwaka 1897 kikosi cha Dhanis mwenyewe kikiwa njiani kwenda Nili kiliasi nacho, ndugu yake akauawa, na waasi wakashuka upande wa Ituri na Semliki, yaani huku kwetu. Vijiji visivyomjua hata Gongo Lutete ndivyo vilivyonyang'anywa mbuzi na chakula. Dhuluma ya wakubwa haichagui mlango wa kugonga.

Wazalendo wa leo wasipatwe na yaliyompata Gongo Lutete na wapiga makasia wasio na majina. Sheria ya 2023 imeunda Akiba ya Jeshi la Ulinzi ili Wazalendo wawe na mahali panapojulikana. Waheshimiwa wabunge wa Beni, Butembo na Lubero, daini orodha iliyo wazi: jina la kila mpiganaji, kamanda wake, posho yake na mahakama itakayomsikiliza. Iandikwe sasa, wakati serikali bado inawahitaji.